Chapati Moja kwa Watoto Wanane

Kuna kosa ambalo kila mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi amewahi kukutana nalo. Anaandika ubaoni 1/4 na 1/8, kisha anauliza ipi ni kubwa. Mikono inapanda. Watoto wengi wanachagua 1/8, na sababu yao ina mantiki kabisa: nane ni kubwa kuliko nne.

Hapo mwalimu ana njia mbili. Anaweza kusema "umekosa", akaandika jibu sahihi, darasa zima likalikariri kwa sauti, na somo likaendelea. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Anaweza pia kuuliza: "Chapati hii moja wagawane watoto wanne, na nyingine ya ukubwa uleule wagawane watoto wanane. Wewe ungependa ukae kundi gani?" Darasa linanyamaza kidogo, halafu mtu anacheka, halafu mabishano yanaanza. Mmoja anachora duara kwenye daftari na kulikata. Mwingine anamsahihisha. Dakika kumi zimepita na mwalimu hajatoa jibu lolote, lakini watoto wamelipata wenyewe na wanaweza kueleza kwa nini ni hilo.

Njia hii ya pili ndiyo wataalamu wa elimu wanayoiita uwezeshaji, na mwalimu anayeifuata huitwa mwezeshaji. Mitaala ya Afrika Mashariki na ya kusini mwa bara imeisifu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Hata hivyo wazazi wengi bado wanaitilia shaka, na wana haki ya kuuliza: mwalimu asipofundisha, mshahara anapokea wa nini? Mahali pazuri pa kulitafutia swali hilo jibu ni Malawi, katika kambi moja ambako Kiswahili kinasikika kila kona, na katika jiji lililo jirani nayo.

Gereza lililogeuka makazi

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe. Zama za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, utawala wa Banda ulipofikia mwisho na vita vya Maziwa Makuu vikiwatawanya watu, eneo hilo likafanywa kambi ya wakimbizi. Iliandaliwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia.

Sheria ya nchi inawabana. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake: haikukubali kufungwa kisheria na vipengele kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote warudi Dzaleka. Familia zilizokuwa zimejenga maisha Lilongwe na kwingineko, zenye maduka na watoto waliokwisha kuandikishwa shule, zikarudishwa kambini. Watoto hao wakaenda kutafuta nafasi katika madarasa yaliyokuwa yamejaa tayari.

Kwa miaka mingi shule za kambini, ikiwemo shule ya msingi ya Umodzi Katubza, zimeendeshwa kwa msaada wa Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS. Zinafuata mtaala wa Malawi: miaka minane ya msingi, kisha minne ya sekondari. Wamalawi wa vijiji vya jirani nao huwapeleka watoto wao humo, kwa hiyo dawati moja linaweza kubeba mtoto wa Dowa, wa Uvira na wa Bujumbura.

Mhadhiri yuko Denver, mwezeshaji yuko hapa

Mahali neno mwezeshaji lilipopata maana kamili Dzaleka ni katika masomo ya watu wazima. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha mpango wa kupeleka elimu ya juu kwa watu ambao vyuo vikuu haviwafikii. Majaribio yalianza katika vituo vitatu: Dzaleka, Kakuma nchini Kenya, na Aleppo nchini Syria. Wanafunzi walisoma kwa kompyuta, na stashahada yao ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis kilichoko Denver, Marekani. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 2013. Baadaye mpango huo ulipewa jina la Jesuit Worldwide Learning, na umeenea katika nchi nyingi.

Mhadhiri alikuwa ng'ambo ya bahari, na mwanafunzi wa Dzaleka alijadiliana kupitia kompyuta na mwenzake wa Kakuma ambaye huenda wasingeonana maishani. Lakini kompyuta haiwezi kuona uso wa mtu aliyekwama. Haijui kwamba yule aliyenyamaza pembeni ameelewa mada vizuri, ila anaogopa Kiingereza chake. Haiwezi kumwambia mama aliyekosa vipindi kwa sababu mtoto anaumwa: njoo jioni, tupitie pamoja yaliyokupita. Kazi hiyo ilimhitaji mtu aliye chumbani.

Mtu huyo si mhadhiri msaidizi. Harudii mhadhara, wala hatoi majibu ya mitihani. Anawapanga wanafunzi katika vikundi, anahakikisha kila mmoja ameelewa anachotakiwa kufanya, anarudisha swali kwa kikundi kabla ya kulijibu mwenyewe, na anajua lini aingilie kati na lini akae kimya. Pamoja na stashahada, kulikuwa na kozi fupi zilizosomwa ana kwa ana na kugusa maisha ya kambini moja kwa moja. Waliomaliza masomo wakaanza kuwaongoza wenzao. Jesuit Worldwide Learning ikaandaa hata kozi maalumu ya kuwanoa wawezeshaji, kwa kutambua kwamba kuongoza watu wajifunze ni fani inayojitegemea. Mtu anaweza kuijua historia vizuri sana na bado asiweze kumsaidia mwenzake aifikirie.

Lugha tano, swali moja

Uwezeshaji unasimama juu ya mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji lugha. Hapo ndipo Dzaleka inapofundisha jambo ambalo vitabu vingi vya ualimu hulipita haraka.

Mchukulie mtoto aliyetoka Fizi, Kivu Kusini. Nyumbani anasema Kibembe na Kiswahili. Alianza shule kwa Kifaransa. Anafika Malawi na kukuta watoto wenzake wanacheza kwa Kichewa, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uko kwa Kiingereza. Sheria ya Elimu ya Malawi ya mwaka 2013 ilitaka Kiingereza kitumike kuanzia darasa la kwanza, ilhali kabla yake Kichewa kilitumika hadi darasa la nne. Mtoto huyu huenda alijua kugawanya vizuri sana huko alikotoka, lakini hapa anaonekana hajui chochote kwa sababu hajui neno la kugawanya. Mara nyingi watoto wa aina yake hurudishwa madarasa ya chini, wakakaa na wenzao wadogo kwa umri.

Darasa la kukariri linaweza kumficha mtoto huyo mwaka mzima. Darasa likijibu "Yes, teacher" kwa pamoja, naye anafungua mdomo, na hakuna anayegundua kitu. Darasa la uwezeshaji haliwezi kumficha, maana humo lazima aseme. Kama mwalimu hakulifikiria jambo hilo mapema, "kazi ya vikundi" inageuka adhabu: wawili wenye Kiingereza wanafanya kazi, wengine watatu wanatazama.

Mwalimu mzoefu anajua la kufanya. Anawaacha watoto wabishane kwa lugha iliyo karibu nao, iwe Kiswahili, Kinyarwanda au Kichewa, kisha kikundi kinatafuta pamoja namna ya kulisema jibu kwa Kiingereza. Anaandika maneno muhimu ubaoni kwa lugha mbili. Anamketisha mgeni karibu na mwenyeji anayemwelewa. Mambo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mwalimu anayeamini kwamba wazo zuri linaweza kuzaliwa kwa lugha isiyo ya mtihani. Hapa walimu waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe wana faida kubwa: wanausikia ubishi wa watoto na kuelewa kosa liko kwenye hesabu au kwenye neno.

Kiswahili chenyewe kimeanza kufunguliwa mlango nchini humo. Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoizuru Malawi, nchi hiyo ilieleza nia ya kukiingiza Kiswahili katika shule zake. Mpango huo ukitekelezwa, lugha ambayo watoto wa Dzaleka wameizoea kama lugha ya uani itakuwa somo, na huenda wao ndio watakaowasaidia wenzao.

Vizibo, vijiti na darasa la watoto mia

Anayesikia habari za uwezeshaji kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja: utawezeshaje watoto mia? Malawi inalijua swali hilo kuliko nchi nyingi. Ilipofuta ada za shule ya msingi mwaka 1994, idadi ya wanafunzi ilipanda ghafla kutoka takribani milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Lengo la serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 60, lakini madarasa ya chini yenye watoto zaidi ya mia si ajabu, na baadhi hufundishiwa chini ya mti.

Mtaala mpya wa shule za msingi ulioanza kutumika mwaka 2007 ulimtaka mwalimu aache kusema peke yake na awape wanafunzi nafasi ya kutenda. Walimu wa Malawi walikuwa na silaha moja iliyokwisha kuzoeleka, inayojulikana vyuoni kwa kifupi cha TALULAR, yaani kufundisha na kujifunza kwa vifaa vinavyopatikana mahali pale pale. Taasisi ya Elimu ya Malawi iliyoko Domasi, Zomba, imeieneza kwa walimu. Vizibo vya soda vinakuwa vya kuhesabia. Vijiti kumi vikifungwa kwa uzi, mtoto anaishika "kumi" mkononi, na anaona kwa nini tarakimu ya 3 ndani ya 35 ni kubwa kuliko 5. Boksi la sabuni linakuwa saa ya ukutani, na punje za mahindi zinakuwa hisa za kugawana.

Idadi kubwa nayo ina mbinu zake. Iliyo rahisi kuliko zote ina hatua tatu: fikiri peke yako, mweleze jirani yako, kisha mmoja wenu alieleze darasa. Watoto mia wanakuwa jozi hamsini, na kwa dakika mbili hamsini kati yao wanazungumza kwa wakati mmoja, badala ya mmoja tu aliyenyoosha mkono. Ni kelele, kweli. Mkuu wa shule anayepita dirishani huenda akadhani darasa limemshinda mwalimu. Lakini mwalimu anayezunguka kati ya jozi hizo na kusikiliza anajua baada ya muda mfupi nani amekwama, na amekwama wapi.

Ukweli lazima usemwe hata hivyo: mbinu hizi zimeshindwa mara nyingi. Mwaka 2011 mtafiti Michele Schweisfurth alipitia makala 72 kuhusu elimu inayomlenga mwanafunzi katika nchi zinazoendelea, na akakuta habari nyingi za mageuzi yaliyopangwa vizuri na kutekelezwa vibaya. Frances Vavrus na Lesley Bartlett, pamoja na wenzao wa Tanzania, walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 2013 jinsi walimu wanavyovutwa huku na huku: mtaala unataka mjadala, mtihani unataka kumbukumbu, vifaa hakuna, na lugha ya kufundishia haijakaa vizuri vinywani. Madawati yanapangwa kwa duara mkaguzi anapokuja, na yanarudishwa mistari akiondoka.

Chanzo kimoja cha kushindwa huko ni tafsiri potofu. Baadhi ya walimu waliambiwa kwamba mwezeshaji "hafundishi", wakaelewa kwamba wajiweke kando. Wakagawa mada, wakakaa, wakasubiri vikundi vitoe ripoti. Ripoti zikaja na makosa, nayo makosa yakapigiwa makofi. Mfano wa chapati unaonyesha kinyume chake. Ili aulize swali lenye ubora ule, mwalimu lazima azijue sehemu vizuri kuliko aliyekariri kanuni, ajue mtoto atakosea wapi, na ajue ni kitu gani cha maisha yake kitamwonyesha kosa lenyewe. Na mjadala ukiisha, lazima aukusanye: asimame ubaoni, aseme bayana kilichopatikana, na aeleze moja kwa moja yale ambayo mtoto hawezi kuyagundua kwa kubishana. Hakuna kikundi kitakachojadili hadi kikajua herufi inavyosomwa.

Kishikwambi darasani Lilongwe

Lilongwe, mji mkuu wa Malawi tangu 1975, umekuwa uwanja wa jaribio lingine linalogusa jambo hilihili. Mwaka 2013, katika shule ya msingi ya Biwi jijini humo, watoto wa madarasa ya chini walipewa vishikwambi vyenye programu ya hesabu kwa Kichewa, iliyotengenezwa na shirika la onebillion la Uingereza. Mtafiti Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham aliwafuatilia kwa wiki nane, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliotumia vishikwambi walipiga hatua zaidi katika hesabu kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Kutokana na kazi iliyoanzia katika madarasa kama hayo, serikali ya Malawi sasa ina mpango uitwao BEFIT, unaokusudia kufikisha vishikwambi vinavyochajiwa kwa umeme wa jua katika shule zote za msingi za umma.

Tanzania ina habari inayofanana. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 katika vijiji vya mkoa wa Tanga, wengi wao wasiowahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Mei 2019 ushindi ulikwenda kwa washiriki wawili kwa pamoja, mmoja wao akiwa onebillion.

Je, kazi ya mwalimu imekwisha? Mashine inamwacha kila mtoto aende kwa mwendo wake, inarudia bila kuchoka, na haimzomei aliyekosea. Hayo ni mambo ambayo mwalimu wa watoto mia hayawezi akiwa peke yake. Lakini mtu bado anahitajika kugawa vifaa, kumtuliza anayelia, kumwona anayebofya ovyo bila kufikiri, na kuunganisha kilicho kwenye kioo na punje za mahindi zilizo mezani. Kwa lugha ya Dzaleka, mhadhiri anaweza kuwa mbali au akawa programu, lakini mwezeshaji lazima awe chumbani.

Vikundi vya redio

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na wafadhili. Wazee wa Tanzania wanaweza kuwapinga kwa ushahidi. Mwalimu Julius Nyerere, katika "Elimu ya Kujitegemea" ya mwaka 1967, alizikosoa shule za kikoloni kwa kumfanya mtoto aamini kwamba maarifa yako vitabuni tu, na alitaka elimu ijenge akili inayouliza. Miaka sita baadaye, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwaleta pamoja takribani watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakufunzi wa chuo kikuu wasingetosha kwa umati huo. Waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wanavijiji wa kawaida.

Kazi ya kiongozi ilikuwa hivi: kipindi kinasikilizwa, kijitabu kinasomwa kwa sauti, kisha anauliza. Malaria iko hapa kwetu? Mbu wanazaliana wapi? Tutafanya nini kabla ya wiki ijayo? Watu walitoka hapo wakaenda kufyeka majani, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Viongozi wale hawakuwa madaktari, na hawakujifanya madaktari. Walijua kuuliza swali lililomgusa mtu nyumbani kwake, wakalisimamia hadi likazaa kazi.

Vikundi vile vilikuwa na mambo ambayo shule nyingi bado zinayatafuta: lugha ambayo kila mmoja aliimudu, kijitabu mkononi, mafunzo ya kiongozi kabla hajaanza, na idadi ya watu inayoweza kukaa duara moja. Mwalimu wa darasa la watoto mia, anayetumia lugha ambayo nusu yao hawaijui na kupimwa kwa mtihani wa kukumbuka, hana hata moja kati ya hayo. Kumlaumu kwamba hajawa mwezeshaji ni kumwonea. Kabla ya kumtaka abadilike, lazima apunguziwe watoto, aongezewe mwenzake anayejua lugha zao, na mtihani uulize "kwa nini" mara nyingi kama unavyouliza "ngapi".

Hata kabla ya hayo kufika, wapo wanaoanza na walicho nacho. Somo la sehemu linapoisha, mtoto aliyeshikilia kwamba 1/8 ni kubwa anaitwa ubaoni. Anachora maduara mawili, moja analikata vipande vinne, la pili vipande vinane, na anaeleza kwa Kiswahili kwamba watu wakizidi, kipande kinapungua. Mwalimu anaandika chini ya mchoro wake sentensi ileile kwa Kiingereza. Darasa linaisoma. Mtoto anaiangalia, anaitambua kuwa ni yake, anarudi kwenye dawati na kuinakili kwenye daftari.